Mkongo wa Bahari na Maji ya Bamvua: Nadharia ya Fizikia Inavyogeuka Kuwa Biashara

Kila baada ya wiki mbili hivi, bahari ya Mlingotini, wilayani Bagamoyo, hujitenga na ufukwe kwa umbali mkubwa kuliko siku nyingine. Hayo ni maji ya bamvua. Wakulima wa mwani hutumia saa hizo chache kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi na kuvuna mwani uliokomaa kabla bahari haijarudi. Wanaijua kalenda hiyo kwa mwezi mwandamo na kwa mazoea waliyorithi. Nahodha anayeingiza meli bandarini hutegemea kitu kingine, yaani jedwali la maji kupwa na kujaa linalochapishwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA), ambalo hutaja saa na kimo cha maji kwa kila siku ya mwaka.

Namba zilizomo katika majedwali ya aina hiyo hutokana na njia ya hesabu yenye umri wa zaidi ya miaka 150. Aliyeiasisi ni William Thomson, mwanafizikia wa nadharia wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin. Hakuishia kwenye milinganyo. Alisajili hataza takribani 70, alishirikiana na mafundi kutengeneza na kuuza vifaa, akatajirika kwa teknolojia iliyozaliwa na nadharia zake. Sehemu ya teknolojia hiyo ilifika Zanzibar na Bagamoyo akiwa bado hai.

Habari yake inawahusu Watanzania wa leo kwa sababu iliyo wazi. Vyuo vikuu nchini hutoa wahitimu wa fizikia na hisabati kila mwaka, na swali wanaloulizwa nyumbani ni lilelile: elimu hiyo itakupatia riziki gani nje ya darasa? Ili kulijibu ni lazima kwanza ieleweke ni kitu gani hasa katika kazi ya mwananadharia kinachoweza kumilikiwa na kuuzwa, na kitu gani hakiwezi. Sheria za Tanzania zimeuchora mpaka huo waziwazi, lakini wengi hugundua kuwa upo wakati wameshauvuka bila kinga.

Thomson alizaliwa Belfast mwaka 1824. Alipata uprofesa wa Glasgow mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 22, akaushikilia kwa miaka 53. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo kamili cha jotoridi, ambacho leo hupimwa kwa kizio cha kelvin. Alikuwa miongoni mwa waliojenga msingi wa sayansi ya joto na nishati. Mpaka kufikia umri wa miaka 30, hapakuwa na sababu ya kudhani kwamba mtu huyo angekuja kuwa mfanyabiashara.

Mlango ulifunguliwa na swali la watu waliokuwa na fedha zao hatarini. Katika miaka ya 1850 wawekezaji wa Uingereza na Marekani walitaka kulaza waya wa simu ya maandishi chini ya bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland, umbali wa zaidi ya kilomita 3,000. Nyaya fupi za chini ya maji zilikuwa zimeanza kufanya kazi, lakini zilikuwa na kasoro. Ishara iliyotumwa kwa mkato upande mmoja ilipokelewa upande wa pili ikiwa imevutika na kufifia, kama rangi iliyomwagikiwa na maji.

Thomson alilichukua tatizo hilo akalitazama kama tatizo la joto. Aliona kwamba umeme unavyosambaa ndani ya waya mrefu uliozungukwa na maji ya bahari hufuata mlinganyo uleule unaoeleza jinsi joto linavyosambaa ndani ya chuma. Kutokana na hapo, mwaka 1854 na 1855, alipata matokeo yaliyowashtua wahandisi: ucheleweshaji wa ishara hukua kwa kipeo cha pili cha urefu wa waya. Waya ukirefushwa mara mbili, ishara huchelewa mara nne; ukirefushwa mara kumi, huchelewa mara mia. Kwa hiyo haikutosha kuurefusha tu waya uliofanya kazi vizuri katika mlango mwembamba wa bahari. Ulihitajika waya wenye shaba nene na safi zaidi, ganda zito zaidi la kuzuia umeme usivuje, na juu ya yote kifaa cha kupokelea chenye uwezo wa kuhisi mkondo dhaifu sana.

Fundi mkuu wa umeme wa kampuni ya mradi huo, Wildman Whitehouse, aliyekuwa daktari wa tiba kwa taaluma, hakukubaliana naye. Aliiona kanuni hiyo kuwa hesabu za mezani zisizo na uhusiano na kazi halisi. Kampuni ikamfuata Whitehouse, na waya ukatengenezwa bila kuzingatia ushauri wa Thomson. Mwaka 1858 ulilazwa hadi ng'ambo, na salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, zenye maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Whitehouse alijaribu kuulazimisha kwa umeme wenye msukumo wa takribani volti 2,000. Baada ya wiki tatu hivi waya ulikufa, na fedha za wanahisa zikazama pamoja nao.

Katika masimulizi mengi kipindi hiki hurukwa haraka ili kufikia ushindi, ingawa ndicho chenye mafunzo mengi. Nadharia ya Thomson ilikuwa sahihi mwaka 1855, lakini haikumwingizia hata senti kwa kuwa sahihi. Alikuwa mjumbe wa bodi ya kampuni hiyohiyo, aliyechaguliwa na wanahisa wa Scotland, na bado hakusikilizwa. Mambo yalibadilika pale alipoacha kueleza tatizo akaanza kutengeneza kifaa cha kulitatua.

Kifaa hicho alikipatia hataza mwaka 1858. Kilikuwa kioo kidogo chepesi mno, kilichobandikwa sumaku na kuning'inizwa kwa uzi mwembamba katikati ya mzingo wa waya. Mkondo dhaifu wa umeme ulipopita, kioo kiligeuka kidogo sana, na mwali wa taa uliomulikwa juu yake ukasogea kwa umbali unaoonekana kwenye ubao wenye vipimo. Mtumishi aliyeketi gizani alisoma ujumbe kwa kufuatilia doa la mwanga likienda kulia na kushoto. Hapakuwa na haja tena ya kuupiga waya kwa umeme mkali.

Jaribio la mwaka 1865 lilishindwa baada ya waya kukatika baharini. La mwaka 1866, lililotumia meli kubwa ya Great Eastern na waya uliozingatia hesabu zake, lilifaulu. Thomson akapewa cheo cha heshima na Malkia. Wakati huo alikuwa ameshaunda ushirika na wahandisi wawili, Cromwell Varley na Fleeming Jenkin, ili kuunganisha hataza zao na kuzikodisha kwa makampuni ya simu. Mwaka 1867 aliongeza hataza nyingine ya kifaa kilichoandika ujumbe kwa wino juu ya utepe wa karatasi, wino ukipita katika mrija wa kioo mwembamba kama unywele. Kila kampuni iliyotaka kutumia vifaa hivyo ililipa.

Waya hizo zilisonga hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwili wa David Livingstone ulipofikishwa Bagamoyo mwezi Februari 1874, Zanzibar haikuwa bado na simu ya maandishi, na habari zilisafiri kwa meli. Mwaka 1879 mkongo wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea kusini kupitia Msumbiji hadi Durban. Mwaka 1890 tawi likavushwa kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Bei za pembe za ndovu na karafuu, ambazo awali zilitegemea pepo za kaskazi na kusi, zikaanza kujulikana ndani ya saa chache. Wafanyabiashara wenye uwezo wa kulipia ujumbe walinufaika kwanza. Wapagazi waliobeba pembe hadi ufukwe wa Bagamoyo hawakuwa na sehemu katika mapato hayo. Mikongo ya nuru iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, SEACOM na EASSy, haisafirishi umeme kwa namna ile ya zamani, lakini imelazwa katika bahari hiyohiyo.

Bidhaa ya pili ya Thomson inaigusa pwani hii kwa namna ya moja kwa moja zaidi. Kila mvuvi anajua kwamba maji hayapwi saa ileile kila siku. Leo yakipwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa karibu na saa tano, kwa sababu mwezi huchelewa kwa takribani dakika 50 kila siku. Mvuto wa mwezi huleta wimbi lenye mzunguko wa saa 12 na dakika 25. Mvuto wa jua huleta wimbi lake dogo lenye mzunguko wa saa 12 kamili. Mawimbi hayo mawili yakikutana kwa pamoja, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, nayo ni bamvua. Yakipingana, huja maji mafu. Katika pwani ya Bagamoyo na Dar es Salaam, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita tatu, kimo kinachotosha kuamua kama mashua itavuka mwamba au itakwama juu yake.

Lakini jua na mwezi havitembei katika njia zilizo duara kamili, na kila pwani ina umbo lake. Kwa hiyo yapo mawimbi mengine mengi madogo yanayochangia. Mwaka 1867 Thomson alianza kuongoza juhudi za kuyachambua kwa njia ya hesabu, akichukua vipimo vya bandari fulani na kuvigawa katika mawimbi sahili, kila moja na mzunguko wake. Ukishapata ukubwa wa kila wimbi katika bandari hiyo, unaweza kuyajumlisha tena kwa siku yoyote ijayo.

Tatizo lilikuwa kujumlisha. Kukokotoa mwaka mzima kwa mkono kulichosha makarani wengi. Mwaka 1872 Thomson alibuni mashine ya magurudumu na kapi, kila gurudumu likizunguka kwa kasi ya wimbi moja. Uzi mmoja ulipita juu ya kapi zote na kujumlisha miondoko yao, kisha kalamu ikachora mstari wa bahari ikipanda na kushuka. Mashine hiyo ilishughulikia mawimbi kumi, na kwa kuzungusha mkono wake kwa saa nne hivi ilitoa mchoro wa mwaka mzima wa bandari moja. Nyingine kubwa zaidi ilitengenezwa mwaka 1879 kwa ajili ya bandari za India. Kompyuta zimechukua nafasi ya magurudumu, ila kanuni ya kugawa na kujumlisha mawimbi ndiyo ileile.

Mtu asidhani kwamba kufaulu kwa vifaa hivyo kulimfanya Thomson awe sahihi katika kila jambo. Alikadiria umri wa dunia kuwa makumi ya mamilioni ya miaka, akawabishia wanajiolojia waliosema ni mrefu zaidi. Leo inajulikana kuwa ni takribani miaka bilioni 4.5. Mteja aliyenunua dira yake ya meli, aliyoipatia hataza mwaka 1876, hakuhitaji kuamini hesabu zake za umri wa dunia. Aliipima dira.

Kati ya kazi hizo zote, mlinganyo wa ishara katika waya haukuwahi kuwa mali ya Thomson. Aliuchapisha, na yeyote aliweza kuutumia. Vivyo hivyo uchambuzi wa mawimbi ya bahari. Alichomiliki kilikuwa kioo chenye sumaku, mrija wa wino, dira na mashine ya kupimia kina. Mpaka huohuo umo katika sheria za Tanzania. Sheria ya Hataza, inayosimamiwa Tanzania Bara na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), haihesabu ugunduzi wala nadharia ya kisayansi au ya hisabati kuwa uvumbuzi unaoweza kupewa hataza. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi ambao ni mpya, una hatua ya kibunifu, na unaweza kutumika viwandani.

Mfano wa nyumbani ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aligundua kwamba mchanganyiko wa moto wa maziwa na sukari uliganda kabla ya ule uliopoa kwanza. Alidhihakiwa darasani, kisha swali lake likachukuliwa kwa uzito na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wakachapisha makala pamoja mwaka 1969. Jina la Mpemba limo katika vitabu vya fizikia duniani, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu sababu ya jambo aliloliona. Hata hivyo kile alichokiona ni tabia ya maumbile, na hakuna ofisi ya hataza ambayo ingemfanya kuwa mmiliki wake. Jokofu lililobuniwa kutumia tabia hiyo lingekuwa jambo jingine.

Ili mpaka huo ueleweke kwa mazingira ya leo, chukulia kijana mwenye shahada ya fizikia anayerudi kwao Mlingotini. Anaona kwamba mwani ukishavunwa huanikwa juani, na mvua ikiunyeshea kabla haujakauka hupoteza ubora na bei. Kwa kutumia nadharia ya uvukizi, anaandika milinganyo inayokadiria muda wa kukauka kutokana na jua, upepo na unyevu wa hewa. Milinganyo hiyo ni ya wote. Akiiandika katika tasnifu, mwingine yeyote anaruhusiwa kuitumia.

Akitengeneza programu ya simu inayomwambia mkulima siku ipi avune, programu hiyo ni kazi iliyoandikwa, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kama inavyolinda kitabu. Kinga hiyo hufunika namna alivyoiandika. Haimzuii mwingine kuandika programu yake mwenyewe kwa kutumia wazo lilelile. Akienda mbali zaidi akabuni chanja yenye paa linalojifunga lenyewe unyevu unapopanda, hapo ana kitu kinachoweza kuombewa hataza.

Na hapa ndipo wengi hujikwaa. Uvumbuzi unaoombewa hataza lazima uwe mpya, na kuuonesha hadharani kabla ya kuwasilisha maombi kunaweza kuuondolea upya huo. Kijana anayeipeleka chanja yake kwenye maonesho, kuipiga picha na kuieleza kwa kina mtandaoni, kisha kufika BRELA miezi kadhaa baadaye, huenda akawa ameshajinyima haki. Mpangilio salama ni kuwasilisha maombi kwanza. Pia akumbuke kuwa haki hizi si jambo la Muungano. Hataza ya Tanzania Bara haimlindi Zanzibar, ambako wakulima wa mwani ni wengi. Huko usajili hufanywa chini ya sheria za Zanzibar kupitia Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA).

Jambo la pili ni nani mmiliki halali. Stephen Wolfram, mwanafizikia wa nadharia mzaliwa wa London, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 20 katika taasisi ya Caltech, Marekani. Akiwa huko aliongoza uandishi wa programu ya kompyuta ya kufanya hesabu za alama, iliyoitwa SMP. Ukazuka mgogoro kati yake na taasisi kuhusu umiliki wa programu hiyo, naye akaondoka. Mwaka 1987 alianzisha kampuni yake mwenyewe, na mwaka 1988 ikatoa programu ya Mathematica, inayotumiwa na wahandisi na wanasayansi duniani kote. Safari hiyo aliianza upya, nje ya chuo, akiwa na uhakika kazi ni ya nani.

Mtafiti wa Kitanzania aliyeajiriwa na chuo, au anayetumia maabara na fedha za ruzuku, anapaswa kusoma mkataba wake wa ajira, masharti ya ruzuku na sera ya mali bunifu ya taasisi yake kabla hajasajili kampuni. Mazungumzo kuhusu mgawanyo wa mapato huwa mepesi zaidi kabla kifaa hakijaanza kuingiza fedha. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, ingawa si mwanafizikia bali mhandisi wa kemikali, ni mfano wa msomi aliyevuka kutoka utafiti hadi bidhaa. Chujio lake la maji, Nanofilter, lilishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000. Njia yake ya biashara haikutegemea kuuza machujio kwa kila kaya. Vilianzishwa pia vibanda vya kuuzia maji safi kwa bei nafuu, ili asiye na uwezo wa kununua chujio aweze kununua maji.

Bagamoyo yenyewe si ngeni kwa kazi ya namna hii. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS), iliyoasisiwa Afrika Kusini mwaka 2003 na mwanafizikia wa nadharia Neil Turok, ilifungua kituo cha Tanzania mwaka 2014, na kwa muda masomo yake yalitolewa Bagamoyo. Turok, mtoto wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, aliishi Tanzania utotoni wakati wazazi wake wakiwa uhamishoni. Mfumo wa AIMS huwakutanisha wahitimu kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa mwaka mmoja wa shahada ya umahiri, wakiishi pamoja na wahadhiri wanaokuja kufundisha kwa wiki tatu tatu. Mjini humohumo Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo kilichoshiriki majaribio makubwa ya chanjo za malaria, ikiwemo ya R21, kazi ambayo haiwezekani bila watu wanaojua kugeuza takwimu kuwa uamuzi.

Kwa mwenye wazo lililo tayari kutoka daftarini, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo mahali pa kuanzia. Husimamia Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia (MTUSATE), na katika jengo lake la Kijitonyama, Dar es Salaam, kampuni changa za TEHAMA zimekuwa zikilelewa kupitia kituo cha DTBi. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019, hupokea wabunifu wa ngazi mbalimbali, wakiwemo wasio na shahada. Usajili wa kampuni na maombi ya hataza hupitia BRELA, na namba ya mlipakodi hutolewa na TRA.

Yapo pia masharti yanayotegemea aina ya bidhaa. Kijana wa Mlingotini akikusanya majina na namba za simu za wakulima, anaingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, na atatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Utabiri wa mvua anaoutumia ndani ya programu yake una mwenye dhamana, ambaye ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Tahadhari rasmi za upepo mkali na mawimbi makubwa hutoka huko, na programu binafsi haiwezi kuzichukulia nafasi. Akitaka wakulima walipie huduma kwa simu, itamlazimu kuungana na mtoa huduma ya malipo mwenye leseni ya Benki Kuu.

Baada ya hayo yote linabaki swali ambalo Thomson alijibiwa na makampuni ya simu, jeshi la majini na ofisi ya India: nani atalipa? Mkulima wa mwani mwenye kamba chache huenda asimudu ada ya kila mwezi. Mnunuzi anayepoteza fedha kila anapopokea mwani uliolowa, au chama cha ushirika kinachouza kwa pamoja, anaweza kuwa na sababu nzuri zaidi ya kulipa. Jibu hilo halipatikani kwenye milinganyo. Hupatikana ufukweni, maji yanapokuwa yamekupwa na watu wako kazini.